Mbuzi Amekata Kamba: Wanyama na Dalili za Maafa

Kijitabu cha elimu kwa umma

Kwa nini kijitabu hiki

Kila baada ya tetemeko, mafuriko au kimbunga, masimulizi ni yale yale. Mbwa walilia usiku kucha. Kuku waligoma kuingia bandani. Mbuzi alikata kamba akapanda mlimani peke yake. Nyoka walionekana wakivuka barabara mchana kweupe. Wanaosimulia si waongo. Wengi wao wamelala na kuamka na mifugo tangu utotoni, wanajua mnyama aliyetulia yukoje na aliyeingiwa na hofu yukoje.

Swali letu ni la vitendo zaidi: je, mtu anaweza kuyategemea masimulizi hayo aokoe roho yake na ya watoto wake? Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo. Wanyama wengi huhisi mambo tusiyoyahisi, lakini wanachokihisi ni kile ambacho tayari kimeanza kutokea. Habari za kesho hawana. Na yapo maafa ambayo hawayajui hata dakika moja kabla. Kwa hiyo mnyama aliyeshtuka anaweza kukupa sababu ya kuwasha redio au kuangalia mlimani na baharini. Mnyama aliyetulia hakupi sababu ya kubaki ulipo. Asiye na nafasi ya kusoma zaidi ya hapa, na aishike hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo inayoua watu ikisahauliwa.

Jumapili ya 26 Desemba 2004

Saa kumi kasoro dakika moja alfajiri, kwa saa za Afrika Mashariki, sakafu ya bahari ilipasuka karibu na pwani ya Sumatra, Indonesia. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 9.1. Maji yaliyosukumwa juu yalisambaa kwa kasi inayokaribia ya ndege ya abiria, na hadi mambo yanatulia watu wapatao 230,000 walikuwa wamekufa katika nchi zaidi ya kumi. Sri Lanka mawimbi yalifika baada ya saa mbili hivi. Somalia yalifika baada ya saa saba na kuua watu karibu 300, hasa upande wa Hafun. Tanzania watu kumi au zaidi walipoteza maisha, wakiwamo waliokuwa wakiogelea katika fukwe za Dar es Salaam. Kenya alikufa mtu mmoja. Huko habari za Asia zilikuwa zimeshasikika na watu wakaondolewa ufukweni.

Siku chache baadaye ikaenea habari iliyoshangaza dunia. Katika Hifadhi ya Taifa ya Yala, kusini mwa Sri Lanka, watu wengi walikufa lakini mizoga ya wanyama wakubwa haikuonekana. Kutoka Khao Lak, Thailand, ilisimuliwa kwamba tembo wa kubeba watalii walikata minyororo wakapanda mlimani kabla maji hayajafika. Hapo ndipo wengi wetu tulipoanza kuamini kwamba tembo ana hisi ya sita.

Yala, hata hivyo, palikuwa na ushahidi usiotegemea macho ya mtu wala kumbukumbu zake. Watafiti Eric Wikramanayake, Prithiviraj Fernando na Peter Leimgruber walikuwa na taarifa za tembo wawili wa eneo hilo waliokuwa wamevishwa mikanda ya shingoni inayofuatiliwa kwa setilaiti. Walizichambua na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Hawakuona dalili yoyote kwamba tembo hao walikimbia mapema. Mienendo yao siku ile ilikuwa ndani ya mizunguko yao ya kawaida.

Mbona basi mizoga haikuonekana? Sehemu kubwa ya pwani ya Yala ina vilima vya mchanga, na maji yaliingia kwa nguvu pale tu palipokuwa na mianya. Wanyama wengi walikuwa porini nyuma ya vilima hivyo. Watu walikuwa mbele yake, kwenye hoteli na ufukweni, na baadhi yao walikuwa wamesimama wakiitazama bahari. Tembo wawili ni wachache, tunakubali. Lakini kipimo cha tembo wawili kina uzito kuliko habari ya tembo mia ambao hakuna aliyewahesabu.

Kuna kisa kingine cha siku ile ambacho hakikupata umaarufu wa tembo, ingawa kwetu sisi ndicho chenye faida. Kisiwa cha Simeulue ni miongoni mwa sehemu zilizokuwa karibu kabisa na chanzo cha tetemeko. Maji yalifika huko ndani ya dakika chache, na hakukuwa na king'ora wala redio iliyotangaza. Kati ya wakazi wapatao 78,000, waliokufa ni saba. Wakazi hao walikuwa na hadithi waliyorithishwa na wazee tangu tsunami ya mwaka 1907, hadithi ya smong, inayosema hivi kwa ufupi: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani, usiulize. Walikimbia kwa sababu bibi na babu walisimulia.

Wanachokisikia wao

Tusije tukaeleweka kwamba tunawadharau wanyama. Masikio, pua, miguu na ngozi zao hupata habari nyingi ambazo kwetu hazipo.

Sikio la binadamu huanza kusikia sauti pale mitetemo inapofikia kama 20 kwa sekunde. Chini ya hapo kuna sauti nzito mno, na hizo husafiri mbali sana bila kufifia. Mwaka 1984 mtafiti Katy Payne, akiwa kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, aligundua kwamba tembo huzungumza kwa sauti za aina hiyo. Baadaye yeye na Joyce Poole waliendelea na kazi hiyo Amboseli, Kenya. Caitlin O'Connell-Rodwell, aliyefanya utafiti Etosha nchini Namibia, ameonyesha kwamba tembo hupokea pia mitetemo ya ardhini kupitia nyayo. Njiwa husikia sauti nzito kuliko hata hizo. Volkeno, radi za mbali, mawimbi makubwa na matetemeko yote hutoa sauti za namna hii.

Tetemeko lenyewe huja kwa awamu. Mwamba unapovunjika chini ya ardhi, mawimbi ya aina mbili huondoka kwa pamoja. Ya kwanza hukimbia takriban kilomita 6 kwa sekunde, nayo ni mepesi, mara nyingi mtu aliyesimama hayahisi. Ya pili hukimbia kilomita 3.5 hivi kwa sekunde, na hayo ndiyo yanayotikisa kuta. Chukua nyumba iliyo kilomita 60 kutoka pale mwamba ulipovunjika. Wimbi la kwanza linafika baada ya sekunde 10, la pili baada ya sekunde 17. Mbwa aliyelala na taya chini sakafuni amelipata la kwanza, akaruka na kubweka. Sekunde saba baadaye vyombo vinaanguka kabatini, na mwenye nyumba atasema maisha yake yote kwamba mbwa wake alijua. Ni kweli alijua. Alijua tetemeko lililokuwa limekwisha kutokea.

Sekunde saba si kitu kidogo, zinatosha mtu kuingia chini ya meza imara. Lakini ukiwa karibu zaidi na chanzo zinapungua hadi kutoweka. Katika tetemeko la Bukoba la Jumamosi, 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, nyumba nyingi za matofali ya udongo zilianguka kwa mtikisiko mfupi tu. Ukuta wa namna hiyo haungojei mbwa abweke.

Waliopimwa kwa vifaa

Tatizo la habari nyingi za wanyama na matetemeko ni kwamba zimekusanywa baada ya tukio. Ndiyo maana tafiti chache zilizokuwa zinaendelea kabla ya tetemeko zina thamani ya pekee.

Mojawapo ni ya Rachel Grant. Mwaka 2009 alikuwa kwenye ziwa la San Ruffino, Italia, akihesabu vyura waliokusanyika kuzaliana, kwa shughuli isiyohusiana kabisa na matetemeko. Ghafla idadi ya madume ilishuka kwa asilimia 96. Siku tano baadaye, 6 Aprili, tetemeko la ukubwa wa 6.3 likaupiga mji wa L'Aquila, kilomita 74 kutoka ziwani, na kuua watu zaidi ya 300. Chura dume wa aina ile, akishafika mahali pa kuzaliana, kwa kawaida haondoki hadi msimu uishe. Kwa hiyo jambo lile si la kupuuza. Huenda maji au hewa ilibadilika kutokana na mwamba uliokuwa umebanwa chini kabla ya kuvunjika. Lakini ni ziwa moja na msimu mmoja, na halijawahi kurudiwa mahali pengine kwa namna ya kuridhisha.

Utafiti mwingine uliongozwa na Martin Wikelski wa Taasisi ya Max Planck, Ujerumani. Kati ya mwaka 2016 na 2017, kwenye shamba moja katikati ya Italia, eneo lililokuwa likitikisika mfululizo, ng'ombe sita, kondoo watano na mbwa wawili walifungwa vifaa vya kupima mwendo wao kila wakati. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalisema kwamba wanyama walionyesha wasiwasi usio wa kawaida kati ya saa 1 na saa 20 kabla ya baadhi ya matetemeko, na kadiri shamba lilivyokuwa karibu na chanzo ndivyo walivyohangaika mapema zaidi. Jambo hilo lilionekana wakiwa zizini, si wakiwa malishoni. Wikelski pia aliwavisha vifaa mbuzi kwenye miteremko ya volkeno Etna, Sicily, na anasema mienendo yao ilibadilika saa kadhaa kabla ya milipuko mikubwa.

Sisi tunayasoma matokeo hayo kwa heshima, ila kwa tahadhari. Ni wanyama kumi na watatu kwenye shamba moja. Na katika eneo linalotikisika kila leo, karibu kila mshtuko wa ng'ombe utapata tetemeko la kuufuata. Kabla ya kujenga mfumo wa tahadhari juu ya ng'ombe, tunahitaji kujua ni mara ngapi walishtuka na hakikutokea kitu.

Mwaka 2018 Heiko Woith na wenzake wa kituo cha utafiti cha Potsdam, Ujerumani, walikusanya taarifa 729 za wanyama waliodaiwa kutabiri matetemeko 160. Sehemu kubwa mno ilikuwa masimulizi ya tukio moja moja, bila kumbukumbu za mnyama huyo alivyokuwa akifanya siku za kawaida. Waligundua pia kwamba taarifa nyingi zilitoka karibu na chanzo na muda mfupi kabla ya tetemeko kubwa, sawasawa na yanavyotokea matetemeko madogo yanayotangulia kubwa. Maelezo rahisi ni kwamba wanyama walikuwa wakihisi hayo madogo.

Japani wana samaki wao. Yupo samaki mrefu wa kilindini, mfano wa mkanda wa fedha, ambaye akionekana ufukweni husemwa kwamba tetemeko li karibu. Watafiti wa Japani walipitia taarifa 336 za kuonekana kwa samaki hao na wengine wa kilindini, kuanzia mwaka 1928 hadi 2011, wakazilinganisha na matetemeko makubwa. Taarifa iliyolingana ilikuwa moja tu.

Haicheng na Tangshan

Wanaotetea wanyama kama watabiri hupenda kutaja mji wa Haicheng, China. Katika majira ya baridi kali ya 1974 kuelekea 1975, nyoka walitoka mashimoni na kufa kwenye barafu, na panya wakatembea ovyo. Mamlaka ziliwatoa watu majumbani, na jioni ya 4 Februari 1975 tetemeko la ukubwa wa 7.3 likaja. Maelfu kwa maelfu waliokoka.

Habari hiyo ni ya kweli, lakini kipande muhimu huachwa. Kabla ya tetemeko kubwa, ardhi ya Haicheng ilitikisika mara nyingi, na matetemeko madogo yaliongezeka kwa kasi siku moja kabla. Watu walihisi kwa miguu yao wenyewe. Nyoka waliwaongezea wasiwasi, ila kilichowatoa ndani hasa ni ardhi yenyewe.

Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia 28 Julai 1976, mji wa Tangshan katika nchi ile ile, wenye wataalamu wale wale na moyo ule ule wa kuwachunguza wanyama, ulipigwa bila onyo. Takwimu rasmi zinataja vifo 242,000. Mitetemo ya kutangulia haikuwapo. Baadaye walipatikana watu waliosema mifugo yao ilihangaika siku ile. Huenda ilihangaika kweli, lakini haikumwokoa mtu.

Wasipojua lolote

Usiku wa 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilitoa wingu kubwa la hewa ya ukaa iliyokuwa imejikusanya chini ya maji yake. Hewa hiyo ni nzito kuliko ile tunayoivuta, hivyo ilitambaa mabondeni na kuwafunika waliolala. Walikufa watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo ipatayo 3,500. Ng'ombe hawakukimbia, na mbwa na kuku hawakumwamsha mtu. Walikufa walipolala, sawa na wenye nyumba.

Wasomaji wetu wa Goma, Sake na kando ya Ziwa Kivu wanalijua jambo hili bila kufundishwa, kwa sababu wanaishi na mazuku. Ni mashimo na mabonde madogo katika mawe ya volkeno ambamo hewa hiyo hiyo hutoka ardhini na kutuama. Haina rangi. Hatari huwa kubwa usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala. Kuku, mbuzi na watoto wadogo hutangulia kudhurika, maana pua zao ziko karibu na ardhi. Hapa mnyama anatoa taarifa ya kweli kabisa, ila anaitoa kwa kufa kwake. Ukiona ndege, panya au mbuzi amekufa bondeni bila jeraha, usishuke kumtazama. Ukimwona mtu ameanguka humo, usimfuate kwa haraka. Waliokufa wakijaribu kumwokoa mwenzao si wachache. Mnyanyue mtoto juu, panda mteremko, ita msaada, na mwambie jirani mahali palipo na hatari hiyo.

Mlima Nyiragongo ulipolipuka jioni ya 22 Mei 2021, hata vifaa vya kisasa havikuonyesha dalili za siku kadhaa kabla, tofauti na volkeno nyingi. Uji wa moto ulifika vitongoji vya Goma usiku ule ule na watu wapatao 30 walikufa. Tunalitaja kwa makusudi, kwa sababu wengi huuliza wataalamu walikuwa wapi, kisha wakahitimisha kwamba afadhali kumtazama mbwa. Kwamba chombo kimeshindwa hakumfanyi mbwa awe ameweza.

Mvua na upepo: hapa wanajua zaidi

Ukiacha ardhi ukaingia kwenye hali ya hewa, wanyama wanastahili sifa kubwa zaidi. Sababu iko wazi: dhoruba inakuja ikitanguliwa na ishara. Mgandamizo wa hewa hushuka, unyevu hupanda, radi hunguruma mbali, upepo hubadilika.

Mwezi Septemba 2001, dhoruba Gabrielle ilipokaribia Florida, papa wadogo waliokuwa na vifaa vya kufuatiliwa katika ghuba ya Terra Ceia waliondoka maji madogo wakaenda kwenye kina, mgandamizo wa hewa ulipoanza kushuka, kisha wakarudi baada ya dhoruba. Mwaka 2014, Henry Streby na wenzake walikuwa wakifuatilia ndege wadogo sana jimboni Tennessee, Marekani. Ndege hao waliondoka siku moja au mbili kabla ya tufani zilizoua watu 35, zilipokuwa bado mamia ya kilomita mbali. Waliruka jumla ya kilomita 1,500 hivi, kwenda na kurudi. Watafiti wanadhani walisikia ule mngurumo mzito usiosikika na sisi. Huku kwetu nyumbu wa Serengeti huelekea kule mvua iliponyesha, na mkulima anayemsikiliza dudumizi kabla ya kupanda si mjinga. Anasoma unyevu wa hewa kwa kutumia ndege.

Elimu hii ya wazee haipaswi kuwekwa kando, na kuna mahali haikuwekwa. Magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi katika jamii ya Wanyore umejulikana kwa vizazi kwa kutabiri mvua kwa kuangalia miti, ndege, wadudu na upepo. Katika mradi ulioanza mwaka 2008, wazee hao walikaa meza moja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kila upande ukaleta utabiri wake wa msimu, wakaupatanisha na kuutangaza kwa lugha ambayo wanakijiji wanaiamini. Tungependa kuona mikutano kama hiyo kila wilaya.

Lakini dudumizi hasemi mvua itakuwa milimita ngapi, wala siafu hawataji saa. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikifuatilia kwa siku kadhaa, na vivuko vya kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasitishwa kabla upepo haujafika. Nahodha aliyebaki bandarini siku zile aliokolewa na taarifa hizo.

Kumbukumbu zetu, simu zetu

Mbwa wa mtaani hubweka karibu kila usiku. Usiku 364 hakuna anayeandika. Usiku mmoja ardhi ikitikisika, ule ubwekaji wa jana unageuka utabiri. Hivyo ndivyo akili ya mtu inavyofanya kazi, ya msomi na ya asiyesoma, na hakuna wa kulaumiwa. Njia ya kujua kama mbwa wako anatabiri ni kuandika kila anapohangaika, hata pasipotokea kitu, kwa mwaka mzima. Mwalimu wa sayansi anayetafuta kazi ya kuwapa wanafunzi anaweza kuichukua hiyo.

Simu zimeongeza tatizo. Baada ya tetemeko la 6 Februari 2023 lililoua zaidi ya watu 50,000 Uturuki na Syria, video za makundi ya ndege zilisambaa duniani kama ushahidi wa utabiri. Ndege hujikusanya jioni za baridi kila mwaka. Ukitumiwa ujumbe wa WhatsApp unaosema kunguru wameondoka mjini kwa hiyo tetemeko litakuja saa nane usiku, usiupeleke mbele. Hakuna mtu wala taasisi duniani iliyowahi kutaja siku na saa ya tetemeko kubwa kwa njia inayoweza kurudiwa. Tahadhari ya uongo ina gharama yake: watu hukanyagana, wagonjwa hutolewa wodini, na safari ya pili, ya kweli, hakuna anayetoka.

La kufanya

Mifugo yote ikishtuka kwa pamoja bila sababu unayoiona, tazama huku na huku. Mara nyingi ni chui, nyoka, siafu au moshi, na hizo nazo ni habari. Sikiliza mngurumo, angalia mto kama maji yamebadilika rangi au yamebeba matawi, kisha washa redio.

Ardhi ikitikisika ukiwa ndani, jiinamie chini ya meza imara na uishike hadi itulie. Usikimbilie mlangoni kuta zikiwa zinatikisika. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta na nyaya za umeme.

Kwa watu wa pwani kuna jambo la kukumbuka. Tsunami ya mwaka 2004 ilitoka mbali kiasi kwamba hapa kwetu hakuna aliyehisi mtikisiko. Bahari ikirudi nyuma ghafla na kuacha samaki wazi, usiende kuokota. Panda juu, ukae huko, kwa kuwa wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote. Tangu mwaka 2011 upo mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi unaotuma taarifa kwa mamlaka za hali ya hewa za nchi zetu. Tangazo lao ndilo la kufuata.

Mifugo nayo ina haki ya kuokoka. Onyo la mafuriko likitolewa, wahamishe mapema kwenda juu. Kama muda umekwisha, fungua zizi na ukate kamba. Ng'ombe aliye huru huogelea, aliyefungwa hufa maji. Usirudi kumfuata mnyama maji yakiwa yameshafika magotini. Maji yakipungua, ingia nyumbani kwa fimbo na tochi, kwa sababu nyoka nao walitafuta pakavu. Nyama ya mnyama aliyekufa maji isiliwe.

Dalili moja ya mifugo isiyopuuzwa

Tumeiacha mwisho kwa kuwa haimo katika hadithi za kusisimua, na bado ndiyo iliyo na ushahidi mzito kuliko zote katika eneo letu. Baada ya mvua kubwa zisizo za kawaida, mbu huzaliana kwa wingi na kusambaza homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huanza kwa mifugo. Kondoo, mbuzi na ng'ombe hutupa mimba kwa wingi ndani ya siku chache, na wana-kondoo hufa kwa makumi. Binadamu hufuata. Ndivyo ilivyokuwa baada ya El Niño ya 1997 na 1998, na tena mwaka 2006 hadi 2007, watu zaidi ya 300 walipokufa Kenya, Somalia na Tanzania.

Wafugaji wengi huiona dalili hii kabla ya hospitali. Kondoo au mbuzi wakianza kutupa mimba kundi zima baada ya mvua, mpelekee habari ofisa mifugo siku hiyo hiyo. Usichinje wala kuchuna mnyama mgonjwa. Usiguse kitoto kilichotupwa kwa mikono mitupu; tumia glavu, au mfuko wa plastiki usiotoboka ukivishwa mkononi, na ukizike kirefu. Chemsha maziwa yachemke hasa, pika nyama iive mpaka ndani, na ulale ndani ya chandarua, watoto na wachungaji pia. Mtu akipata homa kali, macho kuuma au kutoka damu katika siku hizo, apelekwe kituo cha afya na aeleze wazi kwamba mifugo ya nyumbani imetupa mimba.